Saa Saba na Dakika 53 Mchana

Bahari ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi katika pwani ya Kenya, ilikuwa ya matlai siku hiyo, imetulia kama maji ya mtungini. Ilikuwa mwisho wa Oktoba. Mjomba alikuwa ameketi mchangani, miguu kainyoosha, wavu umemlalia mapajani, sindano inaingia na kutoka bila yeye kuitazama. Macho yake yalikuwa kule mbele, kwenye yale majukwaa mawili ya chuma yaliyosimama baharini kama vitanda vilivyotolewa nje asubuhi na visirudishwe tena ndani.

"Ile waliyoiita Uhuru niliiona ikiondoka," akasema. "Kwa mato yangu haya mawili. Siku ya Jamhuri. Tulikuwa tushatoka kuswali adhuhuri, mimi na wenzangu tunapaka mtumbwi sifa, yale mafuta ya papa. Ikawaka, ikenda zake. Moshi mweupe, ukalalia upande wa Malindi. Mlio ulikuja nyuma, sisi tushaanza kuulizana."

"Eeh, Mjomba," nikaitikia.

Nilivyoitikia ndiko kulikoniletea shida. Niliitikia kwa adabu. Ile adabu ya mtu anayemwachia mzee hadithi yake iende, si kwa kuwa anaiamini, bali kwa kuwa hataki kuikatiza.

Naye aliisikia. Akainamisha kichwa, akarudi kwenye wavu wake, na yale majukwaa ya San Marco hatukuyataja tena mpaka jua likazama.

Wiki sita jambo hilo lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

## Daftari langu la tarehe

Wanaonifuata hapa mnajua mapenzi yangu kwa tarehe. Nina daftari, kila ukurasa siku moja ya mwaka, na humo naandika nini kilitokea siku hiyo katika sayansi na ufundi. Nilianza nikiwa shule ya upili, na ukurasa wa 12 Desemba ulikuwa miongoni mwa ya kwanza kujaa, kwa sababu ilikuwa sikukuu yetu na nilitaka kujua kama dunia nayo ilikuwa na shughuli siku hiyo.

Ilikuwa nayo. Mwaka 1901, Guglielmo Marconi, akiwa Newfoundland, alisema amesikia mawimbi ya redio yaliyovuka bahari ya Atlantiki. Mwaka 1927 alizaliwa Robert Noyce, mmoja wa wawili waliobuni kile kijipande cha silikoni ambacho leo kimo ndani ya simu unayosomea maneno haya. Na mwaka 1970, kutoka jukwaa la San Marco, mbele ya Ngomeni, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa kazi moja tu ya kutazama anga kwa eksirei. Jina lake Uhuru.

Mistari mitatu. Nimeisoma mara nyingi mno, na kila mara nikiifikia ule wa tatu kifua kinapanuka.

Sasa fikiria. Mtu wa damu yangu ananiambia mstari ule wa tatu aliuona kwa macho, nami namwitikia "Eeh" kama ninayemsikiliza mtoto akieleza ndoto.

## Kwa nini nilisita

Nilikuwa na sababu zangu, na nilizipanga vizuri.

Pale mbele ya Ngomeni hazikurushwa setilaiti moja wala mbili. Zilikuwa tisa, kuanzia San Marco 2 ya Waitaliano mwezi wa Aprili 1967 hadi ile ya mwisho mwezi wa Machi 1988. Mtoto aliyekulia ufuo ule angeweza kuona tatu au nne, na miaka hamsini baadaye zote zikamganda kichwani zikawa roketi moja. Tena kumbukumbu hupenda sikukuu. Muulize mtu yeyote mvua kubwa ya utotoni mwake ilinyesha lini, atakwambia ilikuwa Idi.

Mjomba mwaka 1970 alikuwa na umri wa miaka tisa.

Tena nilimjua Mjomba kwa papa wake, wanaoongezeka urefu kila wanaposimuliwa.

Hizo ndizo zilizokuwa sababu. Nilikwenda nazo mpaka siku moja nilipokuwa nikiupitia upya ukurasa ule wa 12 Desemba, nikausoma mstari wa kwanza, wa Marconi. Nikasimama hapo hapo.

## Tiara juu ya Signal Hill

Kisa cha Marconi tunakipokea bila kukigeuza upande wa pili. Kigeuze.

Alikuwa juu ya kilima cha Signal Hill, mjini St. John's. Upande wa pili wa Atlantiki, kule Poldhu katika jimbo la Cornwall, Uingereza, wenzake walikuwa na mtambo mkubwa wa cheche ukipiga alama tatu fupi, herufi S kwa lugha ya Morse, kwa saa walizokubaliana. Umbali kati yao ni kiasi cha kilomita 3,400. Upepo wa Newfoundland mwezi wa Desemba si wa mchezo: puto lilichukuliwa, tiara nayo ikachukuliwa, mpaka wakafanikiwa kupandisha tiara nyingine iliyobeba waya wa mita 150 hivi, inapanda na kushuka na waya unayumba nayo.

Marconi alikuwa na mashine ya kuandika alama juu ya utepe wa karatasi. Hakuitumia. Aliona mawimbi yakifika yatakuwa dhaifu mno kuisukuma kalamu yake, na sikio la mtu ni jepesi zaidi. Akachukua kisikizi cha simu, akakibana sikioni.

Mchana, kama saa sita na nusu ya pale, akasikia. Vidoto vitatu. Akampa msaidizi wake George Kemp, naye akasema anasikia.

Basi.

Hakuna utepe. Hakuna kalamu iliyochora. Kuna masikio ya watu wawili ndani ya chumba chenye baridi, wote wawili wakitamani kwa moyo wote kusikia kitu kile kile, kwa saa ile ile waliyokuwa wameambiwa kitakuja. Waliopata kukaa usiku wakitafuta stesheni ya mbali kwenye redio ya betri wanajua jinsi mkwaruzo unavyoweza kugeuka neno ukiungoja vya kutosha.

Wataalamu wengine walimtilia shaka tangu wakati huo, na shaka yao haijaisha hadi leo. Ushahidi mzito unaomkaba umetoka kwake mwenyewe. Februari 1902 alipanda meli ya Philadelphia kuelekea Marekani, safari hii akiwa na utepe wa karatasi, na nahodha wa meli akatia sahihi. Usiku alama zilifika kwa zaidi ya kilomita 3,000. Mchana zilikatika baada ya kilomita 1,100 na ushei. Jua huvuruga tabaka za juu za angahewa, na mawimbi ya aina aliyotumia hunyweka humo kabla ya kufika mbali. Kumbe Signal Hill alisikia mchana.

Hata hivyo tarehe imeandikwa vitabuni. 12 Desemba 1901. Hata kampuni ya waya za telegrafu iliyokuwa na haki ya peke yake pale Newfoundland ilimwamini upesi, ikamtishia mahakama ili aondoke.

Mimi mwenyewe naelekea kumwamini. Lakini niliangalia daftari langu nikaona nilichofanya. Mwaka 1901 nimeukubali kwa sikio la mtu mmoja na msaidizi wake anayemlipa mshahara. Mwaka 1970 ninao jicho la mjomba wangu, lisilokuwa na kampuni wala hisa wala jina la kulinda, na hilo nikaliwekea alama ya kuuliza.

## Kilichoondoka siku ile

Kabla sijarudi kwa Mjomba, niseme ni kitu gani hicho anachosema alikiona. Nimekutana na watu wengi wa pwani wanaojua kuwa "Wazungu walirusha roketi pale" na hawajapata kuambiwa ilikwenda kufanya nini. Hilo linaniuma kuliko mengine yote katika habari hii.

Eksirei kutoka angani hazifiki chini. Hewa tunayovuta inazimeza zote, na ni heri, maana zingefika tusingekuwapo. Kwa hiyo anayetaka kuziona lazima apande juu ya hewa. Mwaka 1962 Riccardo Giacconi, mzaliwa wa Genoa aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alipeleka na wenzake roketi ndogo iliyokaa juu dakika chache tu. Walikuwa wakitafuta eksirei zinazorudishwa na mwezi. Wakakuta badala yake kitu kinachowaka vikali mbali sana nje ya jua na sayari zake, katika kundi la nyota la Nge. Dakika chache, na tayari elimu mpya imezaliwa.

Giacconi akataka kitu kisichoshuka. Kikae juu, kizunguke, kitazame anga lote taratibu.

Hicho ndicho kilichobebwa na roketi ya Scout pale Ngomeni. Uzito wake haukuzidi sana kilo 140, pungufu ya magunia mawili ya mahindi. Hakikuwa na kioo wala lenzi. Kilikuwa na visanduku vyenye gesi, eksirei ikiingia inang'oa elektroni ndani ya gesi, na umeme mdogo unapigwa: moja. Nyingine ikiingia: mbili. Mbele ya visanduku kulikuwa na mirija ya chuma iliyokibana kisione pembeni, kione mbele tu. Kikawa kinajizungusha polepole angani, kama mvuvi wa usiku anayezungusha karabai yake juu ya maji, na kila kilichong'aa kikahesabiwa.

Kwa nini Ngomeni? Kwa sababu ya ikweta. Roketi inayoondoka karibu na ikweta kuelekea mashariki inasukumwa bure na mzunguko wa dunia, zaidi ya mita 460 kwa sekunde. Na setilaiti inayozunguka juu ya ikweta yenyewe hulikwepa eneo la Atlantiki ya kusini ambako chembe zilizonaswa na sumaku ya dunia hushuka chini na kuvitia vyombo kelele. Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma aliliona hilo mapema, akayaleta majukwaa yake na kuyasimamisha katika ghuba yetu. Setilaiti ilikuwa ya Marekani, waliorusha walikuwa Waitaliano, na ilikuwa mara ya kwanza chombo cha Marekani kupelekwa angani na watu wa nchi nyingine.

Roketi ya Scout, hili nilikuja kulielewa baadaye, hutumia mafuta magumu. Si kama zile kubwa tulizozoea kuziona kwenye televisheni, zinazonguruma mahali pamoja kwanza. Hiyo ikishawashwa haina kusitasita.

## Kilichoonekana

Uhuru ilifanya kazi hadi Machi 1973. Ilipoanza, vitu vya angani vilivyojulikana kutoa eksirei vilikuwa kiasi cha kuhesabika. Orodha ya mwisho iliyotokana nayo ina 339.

Hesabu hiyo peke yake haitoshi kueleza. Chukua kimoja, kinaitwa Centaurus X-3. Uhuru ilipokielekea ilikuta eksirei zake zinapigapiga, kila sekunde 4.8, bila kukosea, kama mtu anayegonga mlango. Kisha baada ya siku mbili na kidogo mpigo ukakatika kabisa. Ukarudi. Ukakatika tena, kwa zamu ile ile. Kumbe kinazunguka nyota nyingine kubwa, na kila zamu kinapita nyuma yake na kufichwa. Mgongaji mwenyewe ni nyota ya nyutroni, uzito wake umepita wa jua, na upana wake ni kama kutoka Malindi hadi Watamu kwa mstari ulionyooka. Gesi ya nyota kubwa inamwagikia nyota hiyo ndogo, inapata moto usiosemeka, na moto huo ndio eksirei.

Kingine ni Cygnus X-1. Hiki hakikugonga kwa mpango. Kiliwaka na kufifia ovyo, kwa haraka ambayo kitu kikubwa hakiwezi. Wanaastronomia wakatafuta mahali pake kwa darubini za kawaida, wakakuta nyota ya buluu inayozungushwa kila siku 5.6 na mwenzi asiyeonekana. Wakampima uzito mwenzi huyo. Alikuwa mzito kupita nyota ya nyutroni yoyote inavyoweza kuwa. Vipimo vya karibuni vinampa uzito wa kama majua 21.

Shimo jeusi, kitu ambacho mvuto wake hauachii hata nuru itoke. La kwanza ambalo wanasayansi walipata sababu ya kutosha kusema: hili hapa, lipo, halipo kwenye karatasi za hesabu tu.

Na barabara ya kulifikia ilipita mbele ya mtumbwi uliokuwa ukipakwa sifa.

Giacconi alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Alifariki tarehe 9 Desemba 2018, siku ambayo ndugu zetu wa Tanzania Bara wanaadhimisha uhuru wao. Hilo nalo limo daftarini, ukurasa wake.

## Herufi moja

Jina lilichaguliwa na Marjorie Townsend, mhandisi wa NASA aliyeusimamia mradi ule. Kwa kuwa roketi iliondoka siku ambayo Kenya inatimiza miaka saba ya uhuru, na kwa ajili ya ukarimu wa wenyeji, akaipa neno letu.

Kwa miaka mingi sikujua nilipokee vipi jina hilo. Kuna siku nililiona kama peremende anayopewa mtoto wa mwenye nyumba wageni wanapoaga. Kati ya majina yaliyo juu ya makala za kisayansi za miaka ile, la mtu wa Ngomeni halimo. Wageni walipoacha kurusha roketi, majukwaa yalibaki pale na kutu yake, na wavuvi wakaendelea kuyapita. Kisha niliona tena, mwezi wa Aprili 2023, setilaiti ya Kenya yenye jina la Kiswahili, Taifa-1, ikirushwa kutoka California. Miaka 52 na ushei kabla yake setilaiti ya Marekani yenye jina la Kiswahili ilikuwa imerushwa kutoka Ngomeni. Nilikaa na mambo hayo mawili usiku mzima, nikashindwa kulala.

Kilichonibadilisha ni kitu kidogo sana. Nilikuwa nikisoma makala ya kisayansi ya miaka hii, si ya zamani, kuhusu nyota ya nyutroni yenye sumaku kali ajabu. Jina la nyota: 4U 0142+61. Nimekutana na majina ya namna hiyo mara nyingi, nikayapita kama mtu anavyopita namba za magari. Siku hiyo nikajiuliza U ni nini.

Nne ni toleo la nne la orodha.

U ni Uhuru.

Yule aliyeandika makala ile huenda hajapata kusikia Kiswahili kikizungumzwa maishani mwake. Lakini kila anapoitaja nyota yake analitaja neno letu, kwa herufi ya kwanza, kama tunavyofupisha majina ya watu wa nyumbani. Chombo chenyewe kilianguka na kuungua mwaka 1979. Herufi imebaki, na watu wanaifanyia kazi kila siku, Japani, Ujerumani, India.

Si peremende hiyo. Tumeandikwa. Ila tumeandikwa kwa jumla, "ukarimu wa wenyeji", na mwenyeji mmoja mmoja hakuulizwa alikuwa wapi na aliona nini.

Mwenyeji mmoja nilikuwa naye mimi, na nilikuwa nimemjibu "Eeh".

## Kugeuza saa

Wiki ya kwanza ya Desemba nikatafuta jambo ambalo daftari langu halikuwa nalo: saa.

Rekodi inasema 10:53, saa za Greenwich. Nikaongeza tatu. 13:53. Nikaigeuza kwa saa zetu.

Saa saba na dakika 53 mchana.

Adhuhuri upande wa Malindi mwezi wa Desemba inaingia karibu na saa sita na robo. Mtoto aliyeswali, akala, akarudi ufuoni kushika kazi, saa nane kasorobo yuko wapi? Yuko na wenzake wanapaka mtumbwi sifa.

Mikono ilinitetemeka, nasema kweli. Nikachukua ile orodha ya tisa na kuanza kuchuja. Moshi ulilalia upande wa Malindi, yaani kusini: huo ni upepo wa kaskazi. Aprili, Mei na Oktoba zikatoka. Novemba kaskazi bado haijakaa sawa. Najua upepo wa juu una mambo yake, na moshi wa roketi haufuati ya ufuoni peke yake, lakini kama kuna mtu wa kumwamini juu ya upepo ni mvuvi. Machi 1988 hakuwa mtoto tena. Ikabaki moja ya kushindana na Uhuru, San Marco 4, ya Februari 1974. Hiyo nayo ni kaskazi.

Nikampigia simu.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Mjomba, mwaka sabini na nne, mwanzo wa mwaka, ulikuwa wapi?"

Akanyamaza kidogo. Nilisikia kuku nyuma yake. "Sabini na nne nilikuwa Mombasa kwa ami yangu, nasoma. Nilipelekwa sabini na tatu nikakaa miaka mitatu. Kwani kuna nini?"

Nikamwambia kuna deni nataka kulipa, na kwamba Jamhuri nitakuwa Ngomeni, Inshallah.

## Baada ya Isha

Nilifika tarehe 12 alasiri, kaskazi inavuma, majukwaa yamekaa vile vile na maji yanapiga miguuni mwake. Nilimwomba radhi kabla sijavua viatu. Nilimweleza yote, Marconi, tiara, saa ya Greenwich. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikata kauli. Kisha akasema, "Nilikwambia tulikuwa tushaswali."

Usiku, baada ya Isha, tulitoka. Tukaipa bahari mgongo na kutazama kaskazini magharibi, juu ya minazi, ambako kundi la Cygnus lilikuwa linashuka. Nilimwonyesha nyota yake kubwa, Deneb, halafu nikatembeza kidole kwenda chini yake kidogo.

"Lile shimo liko hapo."

"Silioni."

"Halionekani, Mjomba. Hata ile nyota inayozunguka nalo haionekani bila darubini. Nuru yake imechukua miaka kama elfu saba kufika."

Akatazama kwa muda mrefu, mkono juu ya nyusi kana kwamba kuna jua.

Tuliporudi ndani niliwasha taa nikafungua daftari ukurasa wa 12 Desemba. Chini ya mstari wa 1970 palikuwa na nafasi. Nilimwomba aseme tena, polepole, niandike kama ushahidi, kisha atie sahihi kama nahodha wa Philadelphia. Alisema. Mtumbwi, sifa, wenzake wanne kwa majina yao na nani kati yao amefariki, moshi, mlio uliochelewa. Niliandika yote, kisha nikamsomea.

Nilipofika katikati akaninyooshea kidole.

"Hapo. Umesemaje?"

Nikasoma tena: "Roketi ikanyanyuka polepole, kisha ikapaa."

"Hayo si maneno yangu. Nani amekwambia polepole?"

Sikuwa na jibu. Hakuna aliyeniambia. Nilikuwa nimejiandikia mwenyewe, kutoka kwenye televisheni.

"Haikunyanyuka," akasema. "Ilichomoka. Ulikuwa ukipepesa jicho huioni tena pale. Futa polepole."

Nikafuta. Akachukua kalamu, akatia sahihi.